Seli za Binadamu Badala ya Wanyama Maabarani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa na wanafunzi, wauguzi, wazazi na wafugaji wa Moshi na Arusha, mengine zaidi ya mara kumi, na mengi yameulizwa watu wakiwa wamesimama mlangoni mwa maabara wakisubiri kuoneshwa "hizo seli zinazoishi kwenye chupa". Yanahusu kupima dawa na kemikali kwa seli za binadamu zinazokuzwa maabarani badala ya wanyama, na yanaanzia kwenye mambo ya msingi. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia maelezo.

## Mambo ya msingi

1. Seli zinaishije nje ya mwili?

Seli hai hutolewa mwilini, kwa mfano kutoka katika damu, uvimbe wa saratani au kipande cha ngozi kilichobaki baada ya upasuaji, kisha huwekwa katika chombo cha plastiki chenye maji ya lishe yaliyotiwa sukari, chumvi, asidi amino na vitamini. Chombo hicho hukaa ndani ya kiatamizi chenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili, na hewa iliyoongezwa kabonidayoksaidi kiasi cha asilimia 5 ili maji yasizidi kuwa na asidi au kuipungukiwa.

Anayeziona kwa mara ya kwanza mara nyingi huvunjika moyo, kwa kuwa kwa macho matupu haoni chochote ila maji mekundu. Wekundu huo ni rangi ya kupimia asidi: seli zinapokula na kutoa taka, maji hugeuka rangi ya chungwa, kisha njano, na hapo mhudumu hujua kwamba amechelewa kuyabadilisha. Chini ya hadubini, seli za ngozi zilizo na afya hujipanga kama vigae vya sakafuni. Zikianza kuumuka, kung'oka na kuelea, zimekufa au zinaelekea kufa.

2. Kwa nini wanyama walitumika tangu mwanzo?

Mwaka 1937 nchini Marekani, dawa ya salfanilamidi iliyoyeyushwa katika kimiminika chenye sumu iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria iliyomtaka mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza, na kwa elimu ya wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya kuthibitisha ila kwa wanyama. Kipimo maarufu cha kudondoshea kemikali katika jicho la sungura kilifuata mwaka 1944. Tunayataja haya kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba walioanzisha vipimo hivyo walikuwa watu katili, ilhali walikuwa wakikimbia maafa yaliyokwisha kuwakuta.

3. Kama wanyama walisaidia, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba mwili wa panya si mwili mdogo wa binadamu. Dawa ya thalidomidi, iliyotumiwa na wajawazito na kusababisha zaidi ya watoto 10,000 duniani kuzaliwa na viungo vyenye kasoro, haiwadhuru panya kwa namna hiyo hiyo. Sungura na nyani ndio walioonesha madhara, nayo yalionekana baada ya watoto kwisha kuumia. Hata hivyo ni haki kueleza kwamba lawama si ya panya peke yake, kwa kuwa wakati ule kupima dawa kwa wanyama wenye mimba halikuwa sharti.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwezi Machi 2006, jijini London, wanaume sita waliojitolea walidungwa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412 kwa kipimo kilichokuwa sehemu moja tu kati ya 500 ya kile ambacho nyani walikivumilia bila shida. Katika saa chache miili yao iliwaka uvimbe na viungo vikaanza kushindwa kazi. Wote walinusurika, lakini kwa uangalizi mahututi. Baadaye ilibainika kwamba aina fulani ya seli za kinga za nyani hao haina molekuli ambayo dawa ile ililenga. Seli za binadamu zikipimwa kwa namna inayofaa huonesha tofauti hiyo. Ziada ni kwamba kati ya dawa kumi zinazoingia katika majaribio ya binadamu, takriban tisa haziidhinishwi kamwe, na wanyama walikuwa wamezipitisha.

4. Je, lengo ni kuondoa wanyama wote mara moja?

Hapana. Utaratibu unaofuatwa na wengi ulipendekezwa na Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, mwaka 1959: mbadilishe mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, isipowezekana, punguza idadi, na wale wanaobaki, wapunguzie maumivu. Mahali ambapo mnyama bado anahitajika pameelezwa katika swali la 14.

## Aina za modeli

5. Kuna tofauti gani kati ya seli za kawaida, organoidi na kiungo kwenye chipu?

Zinatofautiana kwa kiasi cha uhalisi, na uhalisi huo hulipiwa kwa fedha na kwa taabu.

Rahisi kuliko zote ni ukoo wa seli, yaani seli zinazozaana bila kikomo kutoka chanzo kimoja. Ukoo wa kwanza wa binadamu kudumu ulitoka katika saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, huko Baltimore, mwaka 1951, nao huitwa HeLa. Seli hizi hazichagui chakula na huongezeka maradufu kwa siku moja hivi. Kwa upande mwingine, ni seli za saratani zenye kromosomu zilizovurugika, kwa hiyo anayetaka kujua ini lenye afya litaifanyia nini dawa hapaswi kuziuliza.

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionesha kwamba jeni nne zinatosha kuirudisha seli ya kawaida ya panya katika hali ya seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Hapo ikawezekana kuchukua ngozi au damu ya mtu na kuigeuza kuwa seli za moyo, za neva au za ini zenye vinasaba vyake mwenyewe. Seli shina zikiachwa zijipange katika ute laini hutengeneza organoidi, kijiungo chenye ukubwa wa punje ya mtama au pungufu. Organoidi ya utumbo ilitangazwa mwaka 2009 na Toshiro Sato na Hans Clevers huko Uholanzi, na ya ubongo mwaka 2013 na Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich huko Vienna.

Kiungo kwenye chipu ni kitu kingine kabisa. Ni kipande cha plastiki angavu kinachokaribia ukubwa wa flashi ya kompyuta, chenye mifereji myembamba ndani yake. Katika chipu ya mapafu iliyotangazwa na watafiti wa Harvard mwaka 2010, seli za mapafu hukaa juu ya utando wenye matundu zikiguswa na hewa, seli za mishipa ya damu hukaa upande wa chini zikipitiwa na maji, na pembeni kuna mifereji inayovutwa hewa ili utando utanuke na kusinyaa kama kifua kinachopumua. Mwaka 2022 ulichapishwa uchunguzi wa chipu 870 za ini zilizopimwa dawa 27: ziligundua asilimia 87 ya dawa zilizowahi kudhuru ini za wagonjwa, na hazikuisingizia dawa yoyote salama. Baadhi ya dawa hizo zenye madhara zilikuwa zimewapita wanyama bila kutambuliwa.

Wanafunzi husikia haya wakadhani kwamba chipu ndiyo bora kwa kila kazi. Sivyo. Kama swali ni iwapo sabuni inawasha ngozi, chipu ni kutumia shoka kukata kitunguu.

6. Ngozi ya maabara hutengenezwaje, na inapimaje kemikali?

Seli za ngozi hupandwa juu ya utando ndani ya maji, kisha utando hunyanyuliwa hadi sehemu ya juu iguswe na hewa huku chini ikiendelea kunywa lishe. Zikihisi hewa, seli hujipanga tabaka juu ya tabaka, na baada ya wiki mbili hivi za juu kabisa hukauka na kuwa kigaga chembamba kama cha ngozi yetu. Kemikali hupakwa juu, huoshwa, na ngozi huachwa kwa saa 42. Kisha hutiwa rangi ya njano ambayo seli hai pekee huigeuza kuwa zambarau. Zambarau ikishuka hadi nusu ya ile ya ngozi isiyopakwa kitu, au chini ya hapo, kemikali huhesabiwa kuwa inawasha. Mwongozo wa kimataifa wa kipimo hiki ulikubaliwa na OECD, jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, mwaka 2010, na vipimo vya aina hii vilisaidia Umoja wa Ulaya kuzuia moja kwa moja, mwaka 2013, uuzaji wa vipodozi vilivyopimwa kwa wanyama.

Moshi ina sababu yake ya kulijali swali hili, kwani kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC ndiko hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Mtu akiuliza kama viambato vya mafuta ya aina hiyo hugeuka sumu vikipigwa na jua, kipo kipimo cha seli tangu 2004: sahani mbili za seli hutiwa kiambato kile kile, moja hukaa gizani na nyingine huangaziwa, kisha zinalinganishwa. Ila tahadhari moja ni muhimu. Ngozi nyingi za maabara zinazouzwa hazina kabisa seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, kwa hiyo haziwezi kueleza lolote kuhusu krimu za kung'arisha ngozi ambazo akina mama hutuuliza kila mara.

## Magonjwa na dawa za kwetu

7. Je, malaria inaweza kuchunguzwa bila mnyama?

Sehemu kubwa, ndiyo, na hii ndiyo habari njema tunayopenda kuisimulia. Mwaka 1976 William Trager na James Jensen, huko New York, walifanikiwa kukuza vimelea vya malaria vya *Plasmodium falciparum* mfululizo ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu. Vimelea hivyo havipendi oksijeni nyingi. Kifaa walichotumia kilikuwa mtungi wa kioo wenye mfuniko: unaweka sahani za damu ndani, unawasha mshumaa, unafunika ukiacha tundu dogo, na mshumaa unapozimika wenyewe unaziba tundu, kwa maana oksijeni imepungua na kabonidayoksaidi imeongezeka. Maabara isiyo na mitungi ya gesi ghali inaweza kufanya hivyo hata leo kwa mshumaa wa dukani.

Vimelea huzaana kila baada ya saa 48, na kila siku mhudumu hupaka tone la damu kwenye kioo, hulitia rangi ya Giemsa na kuhesabu. Kwa njia hiyo hupimwa dawa mpya na usugu wa zile za zamani. Kinachokosekana ni wengu, kinga na homa yenyewe, kwa hiyo sahani haiwezi kumwambia daktari ni nani atapata malaria kali.

8. Tumbili wanahusika vipi na chanjo ya kichaa cha mbwa?

Mwaka 1962 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walichukua seli za figo ya tumbili mmoja wa Afrika, jamaa wa karibu wa hawa tunaowaona katika Hifadhi ya Arusha wakiiba ndizi za wageni. Ukoo huo wa seli, unaoitwa Vero, unaendelea kuishi, na ndani yake hukuzwa virusi vya chanjo za kichaa cha mbwa na polio. Chanjo za kale za kichaa cha mbwa zilitengenezwa kwa ubongo wa kondoo na zilikuwa na madhara mazito ya neva.

Upimaji nao umebadilika. Zamani ubongo wa mbwa aliyeshukiwa ulidungwa kwa panya wachanga, wakasubiriwa hadi siku 28. Kwa seli za neva za maabara jibu hupatikana kwa siku chache. Mfugaji wa Monduli aliyeng'atwa hapaswi kusubiri hata hizo: aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na awahi chanjo siku hiyo hiyo.

9. Je, seli zinaweza kuthibitisha kwamba dawa ya asili inafaa?

Tangu kikombe cha dawa ya mitishamba cha Loliondo mwaka 2011, swali hili halijawahi kukosekana. Seli zinaweza kuonesha kwamba dawa ya mmea ina sumu, na zinaweza kuonesha kwamba inaua kimelea fulani katika sahani. Haziwezi kuthibitisha kwamba inamponya mgonjwa, kwa sababu hazijui iwapo dawa itafyonzwa tumboni au itafika inakotakiwa. Hata chumvi nyingi huua vimelea katika sahani.

Mtego mkubwa zaidi uko upande wa usalama. Kuna mimea yenye kemikali ziitwazo alkaloidi za pirolizidini ambazo zenyewe si kali, lakini vimeng'enya vya ini huzigeuza kuwa sumu inayoliharibu ini lenyewe. Ukizipima kwa seli za ngozi utapata jibu la kupendeza na la uongo. Kwa sababu hiyo, tunapoletewa mizizi kwenye mfuko wa nailoni na ombi la "kuipima tu", tunauliza kwanza inatumika kwa ugonjwa gani, inachemshwa kwa muda gani, na inanywewa kiasi gani.

## Chanzo cha seli, ridhaa na sheria

10. Je, ni kweli kwamba kazi hii haitumii mnyama hata kidogo?

Mara nyingi si kweli, na wanaoandika hivyo kwenye mabango wangepaswa kuona haya. Lishe ya kawaida huongezewa seramu, yaani majimaji ya damu, ya ndama walio tumboni, inayokusanywa ng'ombe mwenye mimba anapochinjwa. Ute ambamo organoidi hukua hutokana na uvimbe wa saratani ya panya. Mbadala upo: chembe sahani za damu ya binadamu zilizopitisha muda wake katika benki ya damu zinaweza kutengenezewa kirutubisho kizuri, na zipo lishe zenye viambato vinavyojulikana vyote. Kikwazo ni bei, na kwamba seli zilizozoea seramu huhitaji wiki kadhaa kuachishwa.

11. Kwa nini mnasisitiza kuuliza "seli za nani"?

Kwa sababu neno "binadamu" kwenye kibandiko cha chupa halitoshi. Koo nyingi za seli shina zilizohifadhiwa duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali utofauti mkubwa zaidi wa vinasaba vya binadamu uko Afrika. Wauguzi wa CTC, yaani kliniki za tiba na matunzo ya VVU, watakumbuka wagonjwa waliolalamikia kizunguzungu na ndoto za kutisha walipokuwa wakitumia efavirenzi, dawa ya kufubaza VVU. Dawa hiyo huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2B6, na badiliko la jeni linalokifanya kifanye kazi polepole ni la kawaida zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu, hivyo dozi ile ile hujazana mwilini. Chipu ya ini iliyotengenezwa kwa seli za mtoaji asiye na badiliko hilo ingesema dawa haina tatizo, na ingekuwa imesema kweli kuhusu mtoaji huyo mmoja.

Panya alikosolewa kwa kutofanana nasi. Modeli ya seli isiyo na mtu wetu ndani yake inastahili kuulizwa swali hilo hilo, na jibu litapatikana tu iwapo seli zitakusanywa hapa, kwa ridhaa, na kubaki mahali ambapo watafiti wa hapa wanaweza kuzitumia.

12. Seli zangu zinaweza kuchukuliwa bila mimi kujua?

Hazipaswi. Za Henrietta Lacks zilichukuliwa bila yeye kuulizwa, na mwaka 2023, miaka 72 baadaye, familia yake ilifikia maridhiano na kampuni moja iliyozitumia. Nchini Tanzania utafiti wa afya unaohusu binadamu hupitiwa na kamati ya maadili, na maelezo ya ridhaa yanapaswa kutolewa kwa lugha unayoielewa. Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo manne: seli zitatumika kwa utafiti gani, zitasafirishwa nje ya nchi au la, jina lako litatenganishwaje na sampuli, na unaweza kujitoa hadi lini. Kukataa hakupunguzi haki yako ya kutibiwa.

13. Sheria zinasemaje?

Marekani, mwezi Desemba 2022, iliondoa sharti la kupima dawa kwa wanyama lililotokana na ile sheria ya mwaka 1938 (tazama swali la 2), kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuwasilisha ushahidi wa seli au chipu badala ya wanyama. Hajakatazwa kutumia wanyama. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na usajili wa dawa uko chini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

## Maswali ya pembezoni

14. Ni wapi mnyama bado hajapata mbadala?

Katika ujauzito mzima, tabia, maumivu, na kinga ya mwili inapofanya kazi kwa pamoja. Nguvu ya dawa ya kuumwa na nyoka bado hupimwa sana kwa panya, kwani sumu hugusa damu, neva na misuli kwa wakati mmoja. Na dawa ya ng'ombe mwishowe lazima ipewe ng'ombe.

15. Umeme ukikatika, seli hufa?

Kiatamizi kisipofunguliwa huhifadhi joto kwa saa chache. Akiba hukaa katika nitrojeni ya maji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo haihitaji umeme, ila hupungua kwa mvuke na lazima iongezwe. Katika maabara moja ambako mwandishi wa majibu haya alifanya kazi, jenereta iliwaka vizuri usiku wa Jumamosi, lakini aliyepewa zamu ya kupima kina cha nitrojeni alikuwa ameandika vipimo vya wiki tatu kwa siku moja, kwa kalamu ile ile. Mtungi ulikuwa mkavu. Vichupa 140 vilikuwa na joto la chumba.

16. Nitajuaje kwamba seli ni zile zilizoandikwa?

Kwa macho huwezi. Mwaka 1966 Stanley Gartler alionesha kwamba koo 18 za seli zilizodhaniwa kuwa tofauti zilikuwa zimevamiwa na HeLa. Siku hizi vinasaba hulinganishwa na vya ukoo halisi, na hupimwa mycoplasma, bakteria wadogo wasiotia ukungu kwenye maji lakini wanaoharibu matokeo.

17. Organoidi ya ubongo inafikiri au kuumia?

Ina milimita chache, haina mishipa ya damu, na katikati yake hufa kwa kukosa oksijeni. Seli zake hutoa umeme, lakini haina macho, ngozi wala njia ya kupokea maumivu. Mjadala wa maadili unaendelea kadiri zinavyokuzwa kwa muda mrefu zaidi.

18. Ngozi ya tohara inaweza kusaidia?

Inaweza, na ni miongoni mwa vyanzo vinavyotumika zaidi duniani kwa seli za ngozi, kwa kuwa ni changa na huzaana vizuri. Huulizwa sana mwezi Desemba, familia zinaporudi Kilimanjaro na wavulana kupelekwa hospitalini kwa pamoja. Mzazi au mlezi lazima aridhie kwa maandishi, na mtoto anayeweza kuelewa aulizwe naye. Tohara ifanyike katika mazingira safi ya hospitali. Ngozi iwekwe katika maji ya lishe yenye antibayotiki, kwenye baridi ya nyuzi 4, na ifike maabara ndani ya siku moja. Iliyofungwa kwa jani la mgomba, kama tulivyoletewa na babu mmoja kwa nia njema kabisa, haifai.